Jirani ameingiza seng'enge shambani na kufunga njia ya chemchemi: tuanzie wapi?

*"Tunaishi Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Hatimiliki ya shamba letu ingali kwa jina la marehemu baba, na inasema hekta 0.40. Mpaka wetu na jirani wa upande wa chini umekuwa ua wa mnyaa tangu kabla sijazaliwa. Mwezi uliopita jirani alileta kijana aliyepima kwa simu, akasema shamba lake linapaswa kuwa hekta 0.62 lakini limepatikana 0.59, kwa hiyo kilichopungua kiko kwetu. Aling'oa sehemu ya mnyaa, akachimbia nguzo na kuvuta seng'enge hatua nne ndani ya upande wetu. Seng'enge hiyo imefunga pia kijia ambacho mama amekipitia kwenda chemchemi na barabarani tangu alipoolewa mwaka wa 1974. Sasa tunazunguka kwa hisani ya jirani mwingine. Yule kijana alitupimia na sisi, akapata 0.37. Chifu ametuambia kila mmoja alete sabeya wake, yaani mpima ardhi. Jirani anasema pia kwamba mimi ni binti aliyeolewa, sina usemi juu ya mpaka wa baba. Kaka yangu anataka kukusanya vijana Jumamosi wang'oe nguzo. Sheria inasemaje?"*

Dada yangu, acha nianze na Jumamosi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Mwambie kaka yako asiguse nguzo hata moja. Uchungu wenu naufahamu, kwa sababu kazi yangu ya upimaji imenisimamisha kwenye mipaka mingi ya namna hii. Lakini nguzo na seng'enge zile ni mali ya jirani hata kama zimesimama mahali pasipo pake, na kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu anayeharibu mali ya mwenzake kwa makusudi na bila idhini ya sheria kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka 5. Leo nyinyi ndio mlioonewa. Vijana wakiingia na mapanga, jirani ndiye atakayekwenda kituoni kuandikisha taarifa, na kesi ya mpaka itageuka kuwa kesi ya jinai ambamo swali la ua wa mnyaa halitaulizwa kabisa.

Badala ya kung'oa, kaka yako ana kazi nyingine ambayo ni ya haraka vile vile, nayo ni kulinda visiki. Umesema jirani aling'oa sehemu ya mnyaa. Maana yake kuna sehemu iliyobaki, na hata pale paliponyofolewa huenda mashina yangali ardhini, kwani mnyaa haufi kwa urahisi. Tawi lililoanguka tu likigusa udongo hushika mizizi. Tembeeni kwenye mstari ule pamoja na mama na mzee mmoja au wawili wa kijiji. Kila kisiki mnachokiona kipigeni picha, moja kwa karibu na nyingine kwa mbali ili nyumba au mti mkubwa uonekane nyuma yake, na katika picha hizo seng'enge mpya ionekane pia. Pimeni kwa futi ya kamba umbali kutoka kisiki hadi nguzo, mwandike na tarehe. Msikate wala kupogoa chochote, na kwa vyovyote msiruhusu watoto wachezee matawi yaliyovunjika, kwa sababu utomvu ule mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya.

Nasisitiza visiki kwa sababu hapo ndipo ilipo nguvu yenu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wengi huamini kwamba mpaka wa kweli uko ofisini, katika ile namba ya hekta iliyoandikwa kwenye hatimiliki, na kwamba ua wa shambani ni dalili tu inayoweza kurekebishwa ikiwa hailingani na karatasi. Kwa mashamba kama lenu, sheria imelipanga jambo hili kinyume cha hivyo.

Nchini Kenya kuna mipaka ya aina mbili. Ya kwanza ni mipaka iliyopimwa kwa usahihi na kuwekewa bikoni, yaani alama za kudumu za kona, ambayo kila kona yake ina namba zake za kipimo zilizohifadhiwa. Ploti nyingi za miji kama Nakuru na Kisumu, na mashamba mengi yaliyokuwa ya walowezi, ziko hivyo. Bikoni ikipotea, mpima ardhi mwenye leseni anaweza kuirudisha mahali pake kutokana na kumbukumbu. Aina ya pili ni mipaka ya jumla, na hii ndiyo ya sehemu kubwa ya mashamba ya familia huku kwetu Magharibi. Wakati wa ugawaji na uandikishaji wa ardhi, katika sehemu nyingi wenyeji waliitwa shambani, wakaonyeshana mpaka mbele ya wazee wa kamati, wakapanda ua, kisha mistari ya nyua hizo ikachorwa kwenye ramani, mara nyingi kwa kufuatisha picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Hakuna aliyepima kila kona. Ramani ilitengenezwa ili ionyeshe shamba lipi liko kando ya lipi, si kumwambia mtu mguu wake ukanyage wapi.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 kinasema waziwazi kwamba, isipokuwa pale ambapo rejista inaonyesha mpaka umepimwa na kuthibitishwa, ramani huonyesha mpaka wa makadirio na mahali pa makadirio tu. Kwa lugha ya kijijini, mpaka ni ule uliopandwa na kukubaliwa, na ramani inaufuata. Ua wa mnyaa uliosimama tangu enzi za baba yako bila ugomvi ni ushahidi mzito kuliko desimali za kwenye hatimiliki.

Sasa tazama hizo desimali. Ramani nyingi za vijijini zimechorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, yaani milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu shambani. Unene wa mstari wa kalamu, tuseme nusu milimita, tayari ni mita 1.25. Shamba lenye urefu wa mita 80 na upana wa mita 50 ni hekta 0.40 kamili, mchoraji akitelezesha kalamu kwa unene huo mmoja kwenye upande ule mrefu, shamba linaongezeka au kupungua mita za mraba 100, bila mtu yeyote kuiba hata kiganja cha udongo. Na eneo lililoandikwa kwenye hatimiliki mara nyingi lilikokotolewa kutoka kwenye mchoro huo huo.

Simu nayo ina makosa yake. Hata mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea mahali ilipo kwa mita 3 hadi 5 hivi, na chini ya mikaratusi au kando ya ukuta hukosea zaidi. Jirani wako anadai hatua nne. Chombo chenye kosa la mita nne hakiwezi kuthibitisha mpaka uliosogea mita nne. Lakini jambo lililonivutia zaidi katika barua yako ni kwamba kijana yule alikuta mashamba yote mawili yamepungua: la jirani kutoka 0.62 hadi 0.59, lenu kutoka 0.40 hadi 0.37. Ikiwa kila mmoja amepungukiwa kwa kiasi kile kile, ni nani aliyechukua kwa mwenzake? Hesabu hiyo, ambayo jirani ameileta kama ushahidi wake, inaonyesha kwamba kasoro iko katika upimaji au katika namba za zamani, wala si katika ua. Iandikeni na mwitunze.

Ushauri wa chifu kwamba kila mmoja alete sabeya wake una nia njema, lakini nasema kama mtu wa kazi hiyo hiyo kwamba utawagharimu na huenda usimalize lolote. Mpima ardhi mwenye leseni anaweza kusoma ramani, kupima kilichopo na kuandika ripoti inayowasaidia kuelewa. Hana mamlaka ya kuamua mpaka wa jumla unaobishaniwa. Mkileta wawili, mtapata ripoti mbili. Kabla ya kumlipa yeyote, ombeni kuona leseni yake, kwa maana kijana mwenye simu si mpima ardhi, na kazi yake haina uzito wowote mbele ya sheria.

Mwenye mamlaka ni Msajili wa Ardhi. Hata mahakama, kwa mujibu wa kifungu kile kile cha 18, haisikilizi kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu uliowekwa. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kulipia kesi, kisha kesi ikafutwa kwa sababu waliruka hatua hii. Mnachofanya ni kuandika ombi kwa Msajili katika ofisi ya ardhi inayoshikilia rejista ya shamba lenu, mkitaja namba za mashamba yote mawili, mkiambatisha nakala ya hatimiliki, cheti cha upekuzi cha hivi karibuni (hati ya ofisi ya ardhi inayoonyesha rejista inasema nini juu ya shamba) na nakala ya ramani ya eneo, na kueleza kwa ufupi kilichotokea na tarehe yake. Kuna ada za serikali. Zilipeni kwa njia rasmi na mtunze risiti. Msajili huwapa taarifa wenye mashamba yanayopakana, huweka siku, na huja shambani pamoja na mpima wa serikali.

Siku hiyo hushinda au hushindwa kwa mashahidi. Msajili atauliza ua ulipandwa na nani, lini, na kama kuna aliyewahi kuupinga. Mama yako, aliyefika hapo mwaka wa 1974, ni shahidi wa thamani, lakini ni mmoja wenu. Tafuteni pia mtu asiye na faida yoyote katika jambo hili, kwa mfano mzee aliyewahi kulima kibarua pande zote mbili, au jirani wa tatu ambaye ua wake unaungana na wenu kwenye kona. Ile kona ya tatu huwa na maneno mengi. Ikiwa mstari wa visiki unanyooka hadi kwenye ua wa jirani wa tatu ambao haujaguswa, na seng'enge mpya inaukata pembeni, mtu yeyote aliyesimama pale ataona kwa macho yake.

Baada ya kusikiliza, Msajili anaweza kuamua mpaka ulipo, au, ikiwa mtaomba na kugharamia, kuagiza upimwe kwa usahihi na kuingizwa kwenye rejista kuwa mpaka uliothibitishwa, chini ya kifungu cha 19. Hili la pili ni ghali zaidi, lakini kwa familia iliyochoka kugombana naliona lina thamani, kwa sababu hata mnyaa ukifa wote, kona zitabaki na namba zake. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Msajili ndiye pia anayeweza kuagiza, chini ya kifungu cha 20, ni nani kati yenu atakayetunza ua wa pamoja. Na kifungu cha 21 kinamfanya mtu anayeondoa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ya Msajili kuwa mkosaji, kwa kifungo kisichozidi miaka 2 au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Kwa hiyo nendeni kituo cha polisi mkaandikishe kung'olewa kwa mnyaa, mpate namba ya taarifa, hata kama hamna nia ya kumshtaki jirani sasa.

Kuna jambo moja linaloweza kuwakwamisha mlangoni, nalo ni jina la marehemu kwenye hatimiliki. Msajili atauliza ni nani anayezungumza kwa niaba ya shamba hili. Bila barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hakuna kati yenu, si mama, si kaka, si wewe, aliye na mamlaka kamili ya kusimama badala ya baba katika ombi au kesi. Kama hamjaanza mirathi, anzeni sasa. Na kama jambo ni la haraka, wakili anaweza kuwaombea idhini ya muda yenye mipaka, inayowaruhusu kuilinda mali hiyo wakati mirathi kamili ikiendelea. Kuhusu maneno kwamba binti aliyeolewa hana usemi, ibara ya 60 ya Katiba inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi uondolewe, na Sheria ya Urithi haimtofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Unaweza kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yako sawasawa na kaka yako. Jirani hana nafasi ya kuchagua ni mtoto yupi atakayezungumza naye.

Sasa njia ya chemchemi. Msiichanganye na mpaka, ingawa seng'enge ni moja, kwa kuwa sheria inayoihusu ni nyingine. Jambo la kwanza ni kutazama ramani ya eneo mtakayoichukua ofisini. Ikiwa kijia kile kimechorwa kama njia, yaani mistari miwili sambamba inayopita kati ya mashamba, basi ni njia ya umma na jirani hana ruhusa ya kuifunga hata kama amelima juu yake. Ikiwa hakimo kwenye ramani, swali linakuwa mlikitumiaje. Sheria ya Ukomo wa Mashauri inatambua haki ya njia kwa mtu aliyepita waziwazi, mfululizo, kwa miaka 20, akipita kama mwenye haki. Tangu mwaka wa 1974 miaka hiyo imetimia na kupita. Uzito uko kwenye maneno "kama mwenye haki". Muulize mama kwa utulivu, na asimfiche wakili jibu lake: je, baba aliwahi kumwomba jirani ruhusa ya kupita? Je, kulikuwa na kupeleka sukari au kuku kila mwaka ili njia iachwe wazi? Kupita kwa ruhusa ni hisani, na hisani haizai haki hata ikidumu miaka 50. Ikiwa mlipita tu, kila mtu akijua ni njia, bila kuomba na bila kujificha, hoja yenu ina nguvu. Msiikalie, kwa maana kadiri njia inavyokaa imefungwa bila malalamiko ndivyo jirani atakavyosema mlikubali.

Hata hoja hiyo ikishindwa, kuna kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, kinachomruhusu mwenye shamba lililozingirwa pande zote kuiomba mahakama amri ya kupewa njia inayofaa. Mahakama hutazama jinsi shamba lilivyofikiwa zamani, mwenendo wa pande zote mbili, na ugumu atakaoupata kila mmoja, na inaweza kuagiza mlipe fidia. Jirani mwingine anayewavumilia sasa asiwafanye mwone kwamba njia mmeipata. Akiuza shamba lake kesho, mtabaki bila pa kutokea. Kuhusu chemchemi yenyewe, maji si mali ya jirani, lakini jambo hilo peke yake haliwapi ruhusa ya kukanyaga shamba lake kuyafikia, na ndiyo maana njia inahitaji hoja yake.

Je, mrudi kwa wazee kwanza? Kwa maoni yangu, ndiyo, maadamu jirani hajatishia maisha ya mtu. Katiba, katika ibara ya 159, inahimiza usuluhishi, na liguru, yaani mzee wa kijiji, huwa anajua ua ule vizuri kuliko mpima yeyote anayekuja kwa siku moja. Anzeni na njia, si mpaka, kwa kuwa mtu huona haya zaidi kumnyima mama mzee maji kuliko kubishania hatua nne. Mkikubaliana, andikeni: majina, namba za vitambulisho, namba za mashamba, mchoro unaoonyesha upana wa njia na mahali ua utakaporudishwa, sahihi za pande zote na za mashahidi. Kisha pelekeni maandishi hayo kwa Msajili, kwa sababu makubaliano ya mdomo hufa pamoja na waliokubaliana. Mkikubaliana kuachiana hata kipande kidogo cha shamba, hapo mtakuwa mmeingia katika ugawaji unaohitaji kibali cha bodi ya ardhi na mpima mwenye leseni, na mzee wa kijiji hawezi kuukamilisha peke yake.

Usuluhishi usivutwe mwaka baada ya mwaka. Mtu anayeshika kipande cha shamba la mwenzake waziwazi kwa miaka 12 bila kupingwa anaweza kwenda mahakamani kukidai kuwa chake. Barua ya malalamiko ya leo haitoshi daima kuusimamisha muda huo, kwa hiyo ombi kwa Msajili liwe limeingia hata wakati mazungumzo yanaendelea.

Mnapaswa kumwona wakili ana kwa ana, bila kusubiri, ikiwa jirani ataanza kujenga kwa mawe ndani ya zile hatua nne, ikiwa atapata mnunuzi wa shamba lake, ikiwa yule jirani mwingine atafunga njia yake pia, au ikiwa vitisho vitaanza. Katika hali hizo wakili anaweza kuomba amri ya zuio katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Kakamega, na suala la njia linaweza kupelekwa huko bila kusubiri uamuzi wa mpaka. Kama ada ya wakili ni mzigo, ulizeni kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016 kwa ajili ya wasiojiweza.

Kwa wiki hii: picha za visiki, namba ya taarifa ya polisi, cheti cha upekuzi na nakala ya ramani. Ukiipata ramani, tazama kwanza kona ile mnayokutana na jirani wa tatu, kisha ufuate mstari kuelekea chemchemi uone kama kuna njia iliyochorwa, kwa sababu jibu la swali hilo moja ndilo litakaloamua ni ombi lipi mtakaloandika kwanza.